Donge lililochangamka ndilo lilikufa: kisa cha mikate na kongelateri ku Katuba

Hiki kisa ni cha beseni mbili za unga wa mikate, kongelateri moja na levire ya pakiti moja, hapa Lubumbashi ku Katuba. Nakiandika kirefu juu watu wengi wanaochoma mikate nyumbani wameanza kugandisha donge ili wasishikwe na delestaji, na wakipata hasara wanasema tu "baridi imeua levire" halafu mazungumuzo yanaisha. Baridi haikufanya hiyo kazi peke yake. Kabla ya baridi kuna kitu levire yenyewe ilikuwa imeshaacha kufanya, na pale ndipo nataka tukae.

Mambo yalienda hivi. Mama mumoja mwenye kuchoma mikate na bitumbula ya kuuza asubuhi alikanda beseni mbili usiku, wakati umeme upo. Unga wa ngano ule ule, maji yale yale, chumvi na sukari kipimo kimoja, levire ya kukauka kutoka pakiti aliyoifungua usiku ule ule. Beseni ya kwanza aliikata madonge palepale, akafunga mu sashe, akaingiza mu kongelateri. Beseni ya pili ikakosa nafasi juu jirani alikuwa ameweka tomsoni zake mule, ikabidi kungoja aje azitoe, na jirani akakawia. Basi donge la pili likakaa chini ya kitambaa pembeni ya mbabula yenye makaa ya mwisho mwisho, likaumuka vizuri sana, likajaa beseni mpaka likainua kitambaa, na mama aliliangalia kwa furaha. Jirani alipokuja kuchukua samaki wake, mama akalibonyeza, akalikata, akalifunga nalo likaingia. Katikati ya wiki umeme ukakatika muda mrefu, madonge yote yakalainika, umeme ukarudi, yakaganda tena.

Siku ya kuchoma, donge la kwanza lilikawia lakini liliumuka. La pili likabaki vile vile. Si kubaki tu, lilikuwa limebadilika, linatoa maji maji, linashika vidole, ukilivuta linanyooka bila nguvu na halirudi. Mukate uliotoka mule ulikuwa muzito na wa kushikana ndani.

Mama akaniita. "Mutoto wangu, weye ulisoma mambo ya mikrobe, niambie nani amenikosea, ni levire ao ni kongelateri?"

"Mama, tuanze na lile donge lililopona. Lile ndilo litatuambia."

Na kweli, bila donge la kwanza hii hadithi isingekuwa na kichwa wala miguu. Watu wa karibu walikuwa na majibu yao tayari. Levire ni ya zamani: haiwezekani, pakiti ile ile imeinua donge la kwanza, na donge la pili lenyewe lilijaa beseni kabla ya kuganda. Unga ni mubaya: jibu ni lile lile. Umeme ulikatika: hapo kuna uzito, sikatai, ila madonge yote mawili yalilainika pamoja na kuganda pamoja mu kongelateri ile ile, na moja likapona. Ukiondoa yale yote kinabaki kitu kimoja tu cha kutofautisha, ni kile kitambo pembeni ya mbabula. Inashangaza juu kwa macho ya kila mutu donge la pili ndilo lilikuwa na uzima zaidi, limechangamka, linapumua. Sasa kwa nini lile lenye uzima ndilo life?

Tuingie ndani ya seli. Levire ya mikate ni Saccharomyces cerevisiae, kiumbe cha seli moja, lakini ndani ya ile seli kuna kiini, kuna mitokondria (majiko ya kutoa nguvu), kuna karibu kila kifaa kilicho mu seli yako na yangu. Mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza kati ya viumbe vyote vyenye kiini ndani ya seli kusomwa ADN yake yote (DNA, maandishi ya urithi), jeni, yaani maagizo ya urithi, karibu 6,000. Kwa hiyo habari za kinga yake, ile kazi ambayo levire yetu iliacha kufanya, hazikubuniwa, zimepimwa jeni kwa jeni: unatoa moja, unaangalia seli inakufa na nini.

Hatari yenyewe ni oksijeni. Seli inapotumia hewa kutoa nguvu, elektroni zinapita mu mitokondria, na zingine zinatoroka njiani, zinashikana na oksijeni na kutengeneza superoksidi, yaani oksijeni yenye elektroni moja ya ziada. Superoksidi inapenda kushambulia protini zenye chuma na salfa ndani, inazivunja, na kile chuma kinabaki huru mu seli. Halafu kuna hidrojeni peroksidi, ile ile ya famasi ya kusafisha kidonda, nayo inajitengeneza ndani ya seli kila wakati, kidogo kidogo. Chuma huru na hidrojeni peroksidi zikikutana inazaliwa radikali ya hidroksili, na ile hakuna enzimu (protini ya kuharakisha kazi ndani ya seli) ya kuizuia, juu inagonga kitu cha kwanza inachokuta, iwe ADN, iwe mafuta ya ngozi ya seli, iwe protini, imemaliza. Basi kazi yote ya kinga inapaswa kufanyika mbele, kabla ile haijazaliwa. Ukishika hilo, mpangilio wote wa enzimu za levire unaeleweka.

Ya kwanza mu mstari ni superoksidi dismutasi. Levire iko nazo mbili: Sod1 inazunguka mu maji ya seli na inabeba shaba na zinki, Sod2 inakaa ndani ya mitokondria na inabeba manganizi. Zote zinachukua superoksidi mbili zinazigeuza kuwa oksijeni ya kawaida na hidrojeni peroksidi. Kazi ya hii enzimu ilionyeshwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipokuwa wanafanya kazi na protini ya damu ya ng'ombe. Ile protini ilikuwa imeshatolewa tangu 1938, inajulikana kwamba ina shaba, ila hakuna aliyekuwa amejua inafanya nini.

Hapa ninyi wa Lubumbashi nivumilieni kidogo, juu mambo ya shaba yanatugusa. Shaba ni tamu kwa Sod1 na ni sumu kwa seli nzima, juu shaba huru inafanya uharibifu wa namna moja na chuma huru. Mwaka 1999 watafiti walipiga hesabu mu levire wakakuta shaba huru haifiki hata atomu moja kwa seli. Hata moja! Kila atomu inayoingia inapokelewa na protini ya kuibeba, na ile ya kupeleka kwa Sod1 inaitwa Ccs1, inaiweka mukononi mwa Sod1 moja kwa moja bila kuiachia njiani. Ikizidi, kuna Cup1, protini ndogo ya kuifunga. Sisi tunaishi juu ya shaba tangu huu muji unaanzishwa 1910 na sidhani tunafikiri mara nyingi kwamba seli ya mukate wetu inaihesabu atomu kwa atomu.

Turudi. Sod ikimaliza, hidrojeni peroksidi inabaki, na lazima iondoke. Levire iko na katalasi mbili, Ctt1 mu maji ya seli na Cta1 mu peroksisomu (kifuko kidogo ndani ya seli), zinaigeuza kuwa maji na oksijeni, na zinafaa zaidi wakati peroksidi ni nyingi. Ikiwa kidogo, kazi kubwa inafanywa na peroksiredoksini, hasa Tsa1, ambayo iko kwa wingi sana mu seli. Tsa1 ikishaua peroksidi inabaki yenyewe imeoksidika (imenyang'anywa elektroni), inasafishwa na tioredoksini, na tioredoksini nayo inapata nguvu ya kusafisha kutoka NADPH (molekuli ndogo yenye kubeba elektroni), na NADPH inatoka ku sukari. Pembeni yao kuna glutationi, molekuli ndogo yenye salfa, si enzimu lakini enzimu zingine zinaitumia, na seli inaijaza ndani kwa wingi. Mushike jina hilo la glutationi, litarudi ku donge linaloshika vidole.

Na seli inajuaje peroksidi imepanda? Hii mi naona ni kazi nzuri kuliko zote. Kuna protini inaitwa Yap1, inaingia mu kiini na kutoka, inaingia na kutoka, bila kukaa. Peroksidi ikipanda, enzimu nyingine, Gpx3, ndiyo inaiona kwanza, peroksidi inaoksidisha salfa yake moja, Gpx3 inashikana na Yap1, inaipitishia ule uoksidifu, na Yap1 inajikunja salfa yake moja ikishika salfa nyingine ya mbali. Vile imejikunja, ile sehemu yake ya kutolea nje ya kiini inafichika. Basi inaingia na haitoki tena, inajikusanya mu kiini, inawasha jeni za tioredoksini, za kutengeneza glutationi, na nyingine nyingi. Tishio likiisha, tioredoksini inaikunjua, inatoka. Ndiyo maana levire ukiipa peroksidi kidogo kwanza, ukaiachia wakati, baadaye inavumilia kipimo ambacho kingeiua. Na joto la kiasi pia linaisaidia kuvumilia peroksidi, juu kinga zinaingiliana.

Lakini mu kisa chetu Yap1 si ndiye mutu wa kumulaumu. Kuna mukono wa pili wa kuwasha kinga, Msn2 na Msn4, na huu unafuata njaa. Seli ikikosa sukari, ikipunguza kukua, Msn2 na Msn4 zinaingia mu kiini na kuwasha kinga ya jumla: Ctt1 inatengenezwa, trehalosi inajaa, protini za kulinda protini zingine zinatengenezwa. Trehalosi ni sukari ya pekee, inashikilia ngozi ya seli na protini wakati maji yanapotea, na imeonekana pia inapunguza madhara ya oksijeni. Sasa leta sukari nyingi ghafla: ndani ya seli njia moja ya kupitisha habari, inaitwa PKA, inawaka, inazifukuza Msn2 na Msn4 kutoka kiini, na papo hapo inaamsha enzimu ya kuvunja trehalosi. Seli imeambiwa chakula kipo, kula na uzae. Inafanya sawa mutu aliyevua koti juu jua limetoka.

Levire ya pakiti imelelewa fabriki kwa makusudi iwe upande wa njaa. Inapewa hewa nyingi na sukari kwa kupimwa, mwishoni inashindishwa njaa kidogo ili ijaze trehalosi, ndipo inakaushwa mpaka inabaki na maji kama asilimia 5 tu, na pakiti inafungwa bila hewa ndani. Mule mu pakiti seli iko na kinga zake zote. Ukiitia mu unga wenye sukari na uvuguvugu, inaamka na kuanza kuchacha, na kwa kuchacha kule inapoteza uvumilivu haraka, mbele hata donge halijajaa beseni. Kwa hiyo lile donge la pembeni ya mbabula, lililoinua kitambaa, lilikuwa limejaa seli zilizoamka kabisa, zinakula, trehalosi imekwisha, Ctt1 haitengenezwi tena kwa wingi. Donge la kwanza lilikuwa ndiyo kwanza limekandwa, seli zake nyingi bado zina akiba ya pakiti. Kongelateri ilizikuta katika hali mbili tofauti kabisa.

Na kongelateri ya nyumbani inaganda pole pole. Barafu inaanza nje ya seli, inavuta maji kutoka ndani, seli inasinyaa na kila kitu ndani kinakolea. Hapo peke yake kuna uharibifu. Pigo lingine, na watu wengi hawalifikirii, linakuja wakati wa kuyeyuka: maji yanarudi, oksijeni ipo, mitokondria imetikisika na inavujisha elektroni, superoksidi inafumuka. Mwaka 1998 watafiti wa Sydney, Australia, walionyesha hilo mu levire. Seli zilizonyimwa Sod1 zilikufa zaidi zikigandishwa na kuyeyushwa, na seli za kawaida zikifanyiwa hivyo bila oksijeni zilipona zaidi. Kama ni barafu tu inatoboa seli, oksijeni ingehusika na nini?

Kwa hiyo kukatika kwa umeme kulikuwa na maana, na maana yenyewe ni kwamba madonge yaliyeyuka mara mbili badala ya mara moja, na kila kuyeyuka ni wimbi la superoksidi. Donge la kwanza lilivumilia mawimbi mawili kwa shida, ndiyo maana lilikawia kuumuka. La pili lilikuwa halina cha kuvumilia nacho. Uzito mukubwa mi naupa kule kuumuka kabla, na umeme naupa wa pili, juu umeme ulikatikia wote.

Inabaki ile hali ya kushika vidole, na hapa ndipo glutationi inarudi. Seli ya levire ikifa ngozi yake inapasuka na inamwaga kilichomo, pamoja na glutationi yote ile. Nguvu ya donge la ngano inatoka ku gluteni, na gluteni inashikana kwa vifungo vya salfa na salfa. Glutationi inavifungua. Kile kitu kilichokuwa kinalinda seli ikiwa hai, seli ikifa kinatoka nje kinalegeza unga. Basi donge la pili lilipata hasara mara mbili, hakuna wa kutoa gesi, na hata gesi kidogo iliyopatikana haikupata nyavu ya kuishika. Ukikuta donge lililotoka kongelateri halipandi LAKINI bado ni gumu na linarudi ukilivuta, levire yako huenda imechoka tu, ngoja. Ukikuta halipandi na linatiririka mikononi, seli nyingi zimekufa, usipoteze makaa.

Kuna kijana pale nyumbani, anasoma vizuri, alichukua maji ya peroksidi ya famasi, ile ya asilimia 3, akamwagia kipande cha donge la pili. Likatoa povu jingi na akasema ona, levire iko hai, tatizo ni unga. Nilimueleza kwa upole juu wazo lake halikuwa baya: povu ni oksijeni inayotolewa na katalasi, kweli kabisa. Ila katalasi ni enzimu, inaendelea kufanya kazi hata seli imekufa, mpaka nayo iharibike. Povu linasema enzimu ipo, halisemi seli inaishi. Kujua kama inaishi chukua kipande kidogo, kikoroge mu maji ya vuguvugu na sukari, ngoja uone kama inajitengenezea gesi yenyewe. Ya kwanza ilitoa, ya pili ikakaa kimya.

Mama akauliza, "Basi nifanye namna gani, mutoto wangu? Siwezi kungoja umeme kila usiku."

Kugandisha si kosa, mama. Tulibadilisha mambo machache. Maji ya kukandia yawe ya baridi ili levire isiamke haraka, levire iongezwe kidogo kuliko ya siku zote juu sehemu itakufa tu, madonge yakatwe madogo na yabapatishwe yagande haraka, yafungwe sana hewa isipite, na YAINGIE PALEPALE baada ya kukanda, kuumuka kutafanyika siku ya kuchoma. Kama kongelateri imejaa samaki za watu, usikande kwanza. Yakilainika kwa umeme kukatika, siku ileile yachomwe, yasirudishwe kuganda. Na pakiti ikifunguliwa ifungwe tena vizuri ikae mu frigo, juu hewa inaila pole pole hata ikiwa imekauka. Aliongeza pia ameliorani kidogo ya wachoma mikate, ile yenye vitamini C, juu mu unga vitamini C inageuka na kuioksidisha glutationi isipate nafasi ya kulegeza gluteni. Mikate ya wiki zilizofuata ilikawia kuumuka kuliko ya donge bichi, lakini ilipanda na ikauzika.

Na lile donge lililokufa hakulitupa. Aliongezea unga kidogo, akalisukuma kuwa chapati, na lilisukumika vizuri ajabu, linabaki pale unapoliacha bila kujirudisha. Ni glutationi ile ile inafanya. Kuna hata viwanda vinavyoua levire kwa makusudi na kuiuza hivyo kwa watu wa piza, ili tu unga usukumike laini, na mama aliposikia hilo aliuliza bei.